Gobore Lililokuwa Jepesi Mno

Gobore la mjomba wangu lilikuwa halivutwi, lilikuwa linaguswa. Ndivyo alivyopenda kulisifu yeye mwenyewe: magobore ya wenzake yanabembelezwa, lakini lake linasikia. Na kweli lilisikia. Lilisikia mpaka mambo lisiyoambiwa.

Kwetu mjomba anaitwa njomba, na njomba si mtu wa kuonana naye sikukuu kwa sikukuu. Ukoo tunauhesabu kwa upande wa mama. Baba amekuzaa, sawa, lakini mwenye neno la mwisho juu yako ni kaka yake mama, na akifa vitu vyake vinakwenda kwa watoto wa dada yake. Masheikh wana hesabu yao ya mirathi. Wazee wetu waliitikia msikitini, kisha wakarudi nyumbani kufuata ya kwao. Kwa hesabu hiyo ya nyumbani, gobore lilikuwa la kaka yangu, siku ikifika. Kaka alikuwa Tanga anakata mkonge, na kwa jinsi alivyokuwa haleti hata salamu nilikuwa nimeshamtoa moyoni. Nilibaki mimi, mwanamke niliyeachika, mwenye mdomo, ninayelima na mama na njomba.

Tulikuwa tumehamishiwa kijijini, juu kando ya barabara ya mchanga iendayo Msimbati. Kabla ya hapo kila ukoo ulikaa kwake, kule chini Ruvuma inakotanuka na kupotelea kwenye mikoko, na kila mtu alilinda muhogo wake akiwa kibarazani. Sasa nyumba zikawa safu kwa safu huku juu, mashamba yakabaki kule chini. Walioelewa mpango huo mapema kuliko wote walikuwa wanyama. Nguruwe walikuja alfajiri, nyani wakaja jua likishapanda, wakakaa katika shamba la ujamaa kama wanakijiji walioandikishwa. Kamati ikaamua kwamba wenye magobore wapokezane zamu kwenye dungu, kibanda cha juu ya nguzo ambamo mlinzi huona shamba zima. Njomba akapewa zamu ya kuanzia kunapopambazuka mpaka adhuhuri.

Zamu ile ilimrudishia mwili. Tangu tuhame alikuwa anazunguka uani akiulizia mikorosho yake na makaburi ya wazee kule mtoni, hata mama akaanza kumficha habari za huko. Sasa akawa anaamka kabla ya jogoo. Akiangusha nguruwe, sisi hatukumgusa. Walimu wa shule, Wakristo waliotoka bara, walikuja na baiskeli na visu vyao, wakamwamkia njomba kwa heshima ambayo hata imamu hakuipata. Naye aliwapungia mkono kutoka juu ya dungu, kwa mbali, upande ambao upepo haukumletea harufu.

Tatizo lilikuwa kidole. Miaka mingi nyuma, akifyeka, panga lilimponyoka likamkata mshipa wa kidole cha shahada, mkono wa kulia. Jeraha lilipona, kidole hakikupona. Kilibaki kimenyooka, kikikunjika kidogo tu kwa shida, na kadiri umri ulivyokwenda ndivyo kilivyokaza. Wenzake msikitini walimtania kwamba yeye peke yake yuko kwenye tahiyatu saa zote, anatoa shahada kwa kidole. Alijaribu kufyatua kwa kidole cha kati, kitako kikamhama begani. Alijaribu mkono wa kushoto, akamkosa nyani aliyekuwa amekaa tu, na nyani yule akageuka akamtazama kwanza kabla ya kuondoka. Hilo la kutazamwa ndilo lililomuuma.

Siku ile ile alifungua mtambo wa gobore, akatoa tupa. Mimi nilimshikia mtutu, kwa hiyo nilichokiona nakijua. Ndani ya mtambo kuna chuma cha mviringo chenye pengo. Ukivuta nyundo nyuma, ulimi wa kifyatuo unaingia katika pengo hilo na kuizuia nyundo isianguke. Kidole kikivuta kifyatuo, ulimi unachomoka, nyundo inapiga fataki, fataki inawasha baruti. Njomba alilisugua pengo lile mpaka likabaki alama. Kifyatuo kikawa hakitaki kuvutwa tena. Ukikiwekea kidole, hata kidole kilichokufa, mlio huo.

"Njomba," nilimwambia, "hii itamuua mtu."

"Itaniua mimi kwanza, nikikalishwa na wale wa makuti."

Wale wa makuti walikuwa wazee wasioweza tena kazi ya shamba. Kijiji kiliwajengea banda, wakawa wanasuka makuti ya kuezekea tangu asubuhi mpaka jioni. Ilikuwa kazi ya maana, nyumba zetu zote ziliezekwa kwa mikono yao. Lakini njomba alikuwa amewaona walivyoingia pale mmoja mmoja, na hakumwona hata mmoja akitoka. Akawa akipita banda lile anaongeza mwendo.

Basi ikawa siku ya kazi ya pamoja. Wanaume walikuwa wanapalilia upande wa mtoni, sisi wanawake tulikuwa chini ya mkorosho mmoja mkubwa tunasonga ugali kwenye sufuria ya kijiji, ile ambayo ilitolewa kwa sherehe na hotuba. Njomba alishuka dunguni kuja kula. Gobore alikuwa amelishindilia, fataki iko mahali pake, nyundo iko nyuma, kwa sababu nyani hawasubiri mtu ajiandae. Akaliegemeza kwenye shina la mkorosho, akaenda kunawa. Kitako kikateleza kidogo kwenye mchanga. Hakuna aliyeligusa, naapa, hata kuku.

Ninyi mliokulia kwenye utulivu mngeshtuka, kisha mngecheka. Sisi ng'ambo ya mto kulikuwa na vita. Tulishazoea kusikia ngurumo za huko, na ndege za Mreno zilishawahi kupita juu yetu zikatuachia watoto wanaokojoa kitandani. Kila kitongoji kilikuwa na handaki lake, na tulifundishwa: ukisikia mlio, usiulize, ingia. Gobore lilipolia, shamba zima liliingia. Mimi nilitua handakini na mwiko mkononi, juu yangu akatua jirani yetu ambaye kwa umbo alikuwa anatosha watu watatu, na juu yake sijui nani. Tukakaa humo tunasoma kila dua tunayoijua. Ndege haikuja. Bomu halikuja. Ikaja harufu ya baruti, nyepesi, ya nyumbani, na jirani yetu akaivuta puani akasema kwa upole, "Hii si ya Mreno."

Tulipochungulia, njomba alikuwa amesimama peke yake chini ya mkorosho, mikono bado inachuruzika maji. Sufuria ilikuwa na tundu ubavuni, na uji wa ugali unatoka hapo taratibu. Hatua moja kutoka pale nilikuwa nimesimama mimi.

"Limelia lenyewe," alisema.

Watu walicheka, wengine mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikasirika, kisha nikamtazama njomba nikaona uso wake umekuwa wa kijivu, hasira ikanitoka. Alikuwa haitazami sufuria. Alikuwa anapatazama pale nilipokuwa nimesimama.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mpole, mdogo kwa njomba kwa umri, na alisema kwa adabu zote. Mlio wa ovyo huku mpakani ni hatari. Leo tumekimbilia mahandakini, kesho tutazoea, keshokutwa itakuja ndege ya kweli tuseme ni gobore la mzee. Gobore litengenezwe. Kabla mahindi hayajatoa mbelewele litaletwa mbele ya kamati, litapigwa kitako chini likiwa limekokwa, na lisipolia, mwenyewe atapiga shabaha watu waone. Likishindwa lolote kati ya hayo, litapelekwa kituoni Mtwara. Kuhusu mzee mwenyewe, alisema, kazi hazikosekani. Hakutaja makuti. Hakukuwa na haja.

Fundi tuliyemwendea alikuwa Mikindani. Njomba hakutaka kutembea na bunduki barabarani akaulizwa maswali na kila mwenye kofia, akang'oa mtambo tu, nikauviringa kwenye kipande cha kanga na kuutia kikapuni chini ya muhogo mkavu. Tulipanda lori la ushirika lililopeleka korosho. Fundi yule alikuwa Mngoni, aliyeletwa pwani na mashamba ya mkonge, akaachana na mkonge na kufungua kibanda cha kutengeneza baiskeli na majiko ya mafuta. Babu zake walipigana na babu zetu, na kwa hiyo sisi na wao ni watani, tuna ruhusa ya kuambiana lolote na hakuna wa kununa. Ndiyo maana njomba alimchagua, nadhani. Alijua kuna neno litasemwa, akataka lisemwe na mtu ambaye utani haumruhusu yeye kumkasirikia.

"Nani kafa?" fundi aliuliza alipotuona.

"Bado. Tumekuja kukupima wewe sanda."

"Leteni ndefu. Hizo zenu za Kimakonde zinaacha miguu nje."

Akaufungua mtambo, akausogeza kwenye mwanga, akatikisa kichwa. "Hii siyo bunduki, hii mtego wa panya. Mwizi gani kapitisha tupa humu?"

"Mimi."

"Nimejua tu. Mmakonde ukimpa chuma anaona mpingo, mkono unamwasha achonge."

Alikuwa na namna yake ya kupima. Aliubana mtambo kwenye jiliwa, akakoka nyundo, akafunga uzi kwenye ulimi wa kifyatuo, na kwenye uzi akaning'iniza kifuu cha nazi. Kisha akachukua korosho mbichi za mezani, akawa anazitia kifuuni moja moja, polepole. Hazijafunika hata kitako cha kifuu, nyundo ikaanguka. Alinitazama mimi, siyo njomba. "Na wewe unapika karibu na hii?"

Kazi yenyewe ilimchukua mpaka alasiri. Alilichimba pengo upya kwa tupa nyembamba, akalipa ukuta wa kushikia. Akatoa kamani iliyolegea, springi inayoisukuma nyundo, akaweka nyingine aliyoikata kwenye bamba la msumeno. Chuma chenye pengo akakitia kwenye makaa mpaka kikawa chekundu, akakizamisha kwenye mafuta ya ufuta ili kiwe kigumu kisilike tena. Kisha kifuu kikarudi. Safari hii kilijaa, akaongeza kipande cha risasi juu yake, na nyundo ilikaa kimya. Alipokitikisa kifuu, ikakaa. Alipoigonga jiliwa kwa nyundo yake, ikakaa.

"Sasa wewe," alimwambia njomba.

Njomba alipitisha kidole chake kwenye kitanzi cha uzi. Akavuta. Kidole kilikataa kukunjika, mkono mzima ukarudi nyuma pamoja na bega, nyundo ikaanguka kwa kishindo. Kwa namna ile, ukiwa na bunduki, utapiga mawingu.

"Punguza," njomba alisema.

Fundi alipunguza. Akakwaruza kidogo, akapima, akapunguza tena. Kila mara njomba alivuta kwa bega. Mwishowe fundi aliweka tupa chini na kujifuta mikono. "Hapa ndipo mwisho. Nikishuka zaidi ya hapa naua mpwa wako, na mimi simo."

"Kidogo tu."

"Mzee, kidole chako kimeshastaafu. Wewe tu ndiye hujaambiwa."

Njomba alicheka. Utani unadai ucheke, akacheka sawasawa, na akamwambia fundi kwamba Wangoni hustaafu akili wakiwa tumboni. Lakini ndani ya lori, kurudi, alikaa juu ya magunia matupu na mkono wa kulia ameuficha kwapani mpaka tunafika. Nilimhurumia hadi ikawa kama ninaumwa.

Wiki zilizofuata alikishughulikia kidole kile kama mgonjwa aliyepewa kitanda. Asubuhi alikichua kwa mafuta ya nazi. Mchana alikikanda kwa chumvi ya moto kwenye kitambaa. Alifunga uzi kwenye nguzo ya baraza na jiwe mwisho wake, akawa analivuta akidhani hatumwoni. Mama alimwona, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwache." Siku nyingine kidole kilikunjika kidogo zaidi, na siku hiyo alikula vizuri. Siku nyingine hakikukunjika kabisa. Mimi nikaanza kuomba mahindi yachelewe, jambo ambalo mkulima hapaswi kuliomba.

Mahindi hayakuchelewa. Kamati ilikutana pale pale chini ya mkorosho, na nusu ya kijiji ikaja kutazama, kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na sinema nyingine. Mwenyekiti alilikoka gobore likiwa na fataki tupu bila baruti, akakipiga kitako ardhini. Kimya. Akapiga tena kwa nguvu. Akaliegemeza shinani, akalisukuma kwa mguu likaanguka mchangani. Kimya. Jirani yetu mnene, aliyekuwa amesimama karibu na handaki kwa tahadhari, akapiga kigelegele.

"Limepona," mwenyekiti alisema. "Sasa mwenyewe."

Waliweka kifuu juu ya kisiki. Njomba alimimina baruti, akatia marisau, zile punje za risasi, akashindilia kwa mdeki, ule ufito wa chuma, bila haraka. Alipachika fataki. Alilenga, na ulengaji wake ulikuwa mzuri hata mtoto angeona: miguu imetulia, shavu limelala kwenye kitako, pumzi imeshikwa. Kisha akavuta.

Hakuna kilichotokea. Niliona kidole kikisukuma, kimenyooka, kikisukuma. Niliona bega likitaka kusaidia, na yeye akilizuia bega. Ncha ya mtutu ikaanza kutetemeka. Walimu wawili waliokuja na baiskeli zao wakatazama chini. Nilitamani kupiga kelele kwamba waache, kwamba imetosha, kwamba nguruwe wale mihogo yote mpaka mizizi. Njomba akateremsha mtutu. Akairudisha nyundo taratibu kwa dole gumba.

"Njoo hapa," aliniambia.

Nilidhani anataka nimshike, miguu imechoka. Akanitilia gobore mikononi, mbele ya watu wote, akanipangusia na mchanga uliokuwa kwenye kitako. Nyuma yangu nilimsikia mama akianza kulia. Hakukosea kulia. Kwetu njomba humkabidhi mpwa wake kitu cha namna ile akiwa amelala mkekani, ndugu wamemzunguka, na anayekabidhi hivyo hafiki kesho.

Njomba akageuka. "Dada, sijafa. Naazima kidole tu."

Mgambo nilipitia, kama vijana wote wa mpakani. Tulifundishwa kwa bunduki za mbao, na risasi tulizitoa kwa mdomo. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo. Njomba alisimama nyuma ya sikio langu. "Kaza kitako. Usifumbe jicho, nyani hafumbi. Sasa vuta, lakini usimwambie mkono kwamba unavuta." Kifyatuo kilikuwa na uzito wake, uzito wa kifuu kilichojaa, nikausikia wote kabla haujaachia. Kisiki kikapasuka. Kifuu kilibaki palepale, kizima. Watu wakacheka mpaka mama naye akacheka katikati ya machozi, na mwenyekiti akasema kwamba kisiki kilikuwa kimekaa vibaya tangu zamani. Kamati ikatuachia gobore, na zamu ikabaki yetu, ya wawili.

Tulipanda dunguni pamoja msimu huo, na misimu miwili iliyofuata. Yeye alibeba baruti na mdeki, mimi gobore. Macho yake yalikuwa bado makali kwa mbali. Aliwaona nyani wakiwa hata hawajatoka kwenye mikoko, akaniambia yupi ni dume, yupi anadanganya kwamba anaondoka. Sikuwa hodari siku za mwanzo, na hakuniambia. Baadaye nikawa hodari, hilo pia hakuniambia.

Asubuhi moja dume kubwa lilitoka peke yake, likakaa kwenye tuta na kung'oa muhogo, likamenya kwa meno. Njomba akalitazama kwa muda mrefu. "Ndiye yule aliyenitazama," alisema kwa sauti ya chini, na mimi sikubisha, ingawa nyani wote wanafanana. Nililenga. Nilipokuwa nakaribia kuvuta, kitu kilitikisika pembeni ya jicho langu, nikateremsha macho kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya goti. Kidole cha shahada kilikuwa kinajikunja, polepole, kwa shida, pamoja na changu. Nikamsubiri. Kilipofika mwisho wa pale kilipoweza kufika, ndipo nikavuta.